Mitungi ya Msalaba Mweupe

Nyalenda, Kisumu
Alhamisi, saa kumi jioni

Awino, nyathina, mwanangu,

Mama yako amenionya nisikuandikie habari za chandarua, sweta, wala watu wa kuepuka ndani ya basi. Hayo ni yake. Amekwambia tangu Jumatatu, na najua sasa hivi yuko nyumbani anakufungia dagaa wa omena kwenye mkebe huku akikurudishia yale yale. Mimi mchana alinipa daftari na kalamu akasema, "Wewe nenda uandike yale unayoshindwa kusema." Ananijua, huyo mwanamke.

Kwa hiyo nimekaa hapa kioskini. Leo si siku ya mgao wa maji, bomba limekauka, na hakuna mtu wa kunipigia kelele wala wa kupigiwa. Nimegeuza mtungi juu chini, nikaukalia. Nikianza kuandika vibaya, ujue ni plastiki inanibonyea.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Lodwar kusomea uuguzi. Nimefurahi mpaka nimekuwa kero. Bwana Juma, yule wa kushona akala za matairi kule Kibuye, jana aliniambia, "Mzee, hiyo habari ya mtoto umenipa mara nne, na mara ya kwanza nilisikia vizuri." Sikujali. Nilimpa mara ya tano.

Lakini ndani ya furaha kuna jambo linanichoma. Sisi wawili hatujakaa sawa tangu ulipokuwa kidato cha tatu. Unanisalimu vizuri, unaniwekea chakula, unaniita Baba kwa adabu zote, na bado nasikia baridi. Wewe unaamini baba yako hakuona ulichofanya mwaka ule. Awino, niliona. Niliona siku ile ile, nikanyamaza miaka mitatu, na sitaki upande basi kabla sijakiri.

Ngoja nianzie mbali kidogo, unajua ndivyo nilivyo.

Nilipokuwa mtoto kule Port Victoria, alikuja mhubiri mmoja na ngoma yake akasimama ufukweni, pale mama yangu alipokuwa akianika omena juu ya nyavu. Akasema ufalme wa Mungu ni mji wenye taa zisizozimika, una lango, na watakaoingia ni wachache. Nilikuwa na kama miaka saba. Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Jioni hiyo giza lilipoingia nikatoka mlangoni, nikatazama ziwani, na haki ya Mungu nikauona ule mji. Taa nyingi sana, zimejipanga juu ya maji, zinameta. Nikapiga kelele, "Mama! Ufalme ule!"

Mama yangu akatoka na mwiko mkononi. Akatazama. "Ule ni baba yako na wenzake na karabai zao, wanatafuta omena," akasema, akarudi jikoni.

Sikumwamini hata kidogo. Nilijua nilichokiona. Asubuhi nikawahi kuamka niuone vizuri mji wangu, na nikaukuta umefika ufukweni: wanaume wamelowa, macho mekundu, wananuka samaki, wanatetemeka kwa baridi. Mama alikuwa katikati yao na sufuria ya uji, anamimina kikombe baada ya kikombe. Hakumuuliza mtu ni wa boti gani au wa kanisa gani. Mwingine alikuwa Msamia ambaye hata lugha yetu hakuijua, naye akapewa, akanywa, akaongezewa.

Unajua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilitaka mji, nikaletewa watu wenye njaa. Nilikaa na hasira hiyo ya kitoto mpaka nikawa mtu mzima mwenye mvi, na sasa naona karibu makosa yangu yote ya maishani yalitoka hapo. Niliendelea kutafuta ufalme wenye lango. Na nilipoukosa, nikautengeneza mwenyewe.

Niliukuta hapa hapa, kwenye kiosk hii. Kanisa lilipochimbiwa bomba na kamati ikaniita, mimi mzee wa kanisa, ikanikabidhi funguo, niliona Mungu amenijibu. Kufuli, koki, mpira wa maji, na watu wa Nyalenda wakinisubiri. Yawa! Nilitembea na zile funguo shingoni kama mtu aliyepewa wilaya. Mama yako alinicheka wiki nzima.

Wewe umekulia kwenye foleni hii kwa hiyo hujawahi kuishangaa, lakini Lodwar utakutana na watu ambao hawajaiona, na utawaeleza. Hapa watu hawapangi foleni. Inayopanga ni mitungi. Mtu anakuja alfajiri na mtungi wake wa manjano, anauweka nyuma ya mwenzake, kisha anaenda zake kupika chai, kuamsha watoto, kutafuta kibarua. Mtungi unabaki umesimama kwa niaba yake. Kila mmoja tunaujua: ule wenye kitambaa chekundu kwenye mkono, ule uliozibwa kwa gunzi kwa sababu kifuniko kilipotea, ule wenye kovu la moto ubavuni. Na sheria ni moja tu, hakuna aliyeiandika na hata walevi wanaishika: mtungi wa mtu hausogezwi. Ukiusogeza umemsogeza mwenyewe.

Sheria hiyo ilivunjwa mara moja tu tangu nimekuwa hapa. Aliyeivunja ni mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa ukame, mgao ukawa siku mbili kwa wiki, na siku zenyewe maji yanatoka saa chache kisha koki inakohoa na kunyamaza. Watu wakaanza kugombana. Waumini wetu wakalalamika: bomba ni la kanisa, mbona watoto wa kanisa wanarudi nyumbani na mitungi mitupu? Watu husema kamati ndiyo iliyoamua. Si kweli, na sitaki uendelee kuamini hivyo. Kamati ilikuwa ikikuna vichwa tu. Ilikuwa akili yangu. Nilisema, "Tutie alama. Walio wetu wachote kwanza." Kulikuwa na mkebe wa rangi nyeupe uliobaki tulipopaka ukuta wa kanisa. Nikachukua brashi, nikaketi Jumapili mchana baada ya ibada, na kila muumini akaniletea mtungi wake nikauchora msalaba mdogo. Nilichora vizuri sana, Awino. Nilijivunia ile mistari ilivyonyooka.

Na moyoni nilikuwa nasema: hivi ndivyo itakavyokuwa siku ile. Wenye alama mbele. Sikuona aibu yoyote, nilikuwa na amani kabisa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku ya mgao ilipofika, mtungi wa kwanza kabisa kwenye foleni ulikuwa wa Min Otieno. Wewe unajua yeye alikuwa nani kwangu wakati ule: yule mama anayepika chang'aa nyuma ya kiosk, ambaye moshi wake ulikuwa unaingia kanisani katikati ya maombi. Alikuwa amefika kabla hata ya jogoo. Akaniambia, "Baba Awino, Lavenda anaharisha tangu jana. Nisaidie nichote mapema, nimchemshie." Lavenda, mjukuu wake, alikuwa na miaka mitatu.

Nikamwambia asubiri wenye alama wamalize. Akasema, "Lakini mimi ndiye wa kwanza." Nikausukuma mtungi wake mpaka nyuma ya foleni. Kwa mguu, Awino. Sikuinama hata kuushika kwa mkono. Nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini ile sauti ya plastiki ikikwaruza saruji naisikia hata sasa nikiandika.

Maji yakaisha kabla hayajamfikia. Koki ikakohoa. Min Otieno akasimama pale na mtungi wake mtupu, hakunitukana, na mimi nikajifanya nafunga mpira.

Ndipo ukatokea wewe na sare yako ya shule. Mitungi yetu miwili ilikuwa imejaa, yenye misalaba yangu mizuri. Ukaibeba mmoja mmoja mpaka kwa Min Otieno, ukaimimina yote kwenye pipa lake, ukarudi nayo mitupu mbele ya watu wote. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Nimempa mgonjwa maji." Nikakasirika, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na mimi ni mzee wa kanisa. Nikasema lile neno. Nitaliandika hapa ili ujue sijalisahau wala silipunguzi: "Basi nenda ukaishi kwa huyo mpika pombe, kama yeye ndiye mzazi wako."

Nilidhani utalia. Badala yake ukasema polepole, kwa sauti ya kuniheshimu, na hapo ndipo iliponiuma zaidi: "Baba, huo ufalme wenu una bomba moja tu, na wewe ndiye umeshika funguo."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilijiambia ni kiburi cha kidato cha tatu.

Siku ya mgao iliyofuata nikafika alfajiri, bado giza, nikawasha tochi niangalie foleni, nikadhani macho yangu yameharibika. Mitungi yote ilikuwa na msalaba. Yote! Wa kitambaa chekundu, wa gunzi, wa kovu la moto. Mitungi ya vijana wa mkokoteni ambao kanisa wanalijua kwa nje tu. Na pale katikati, mtungi wa Bwana Juma, ambaye kila Ijumaa anafunga kibanda chake kwenda msikitini, una msalaba umepinda kama kijiti kilichovunjika.

Alipokuja kuuchukua nikamuuliza, "Bwana Juma, kule msikitini wanajua umeokoka?"

"Walai, Mzee," akasema, uso mkavu kabisa, "mimi nimeamka nikakuta mtungi umeshaokoka."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nikaenda kwa mtungi wa mbele. Ulikuwa wa Min Otieno, na msalaba wake ulikuwa mkubwa kuliko yote, umechorwa kwa haraka, rangi imechuruzika. Nikaugusa, ukaniachia weupe kidoleni. Nikainua macho kumtafuta mwenye kufanya haya. Wewe ulikuwa umesimama pembeni umeshika mitungi yetu, unatazama mbinguni kana kwamba unahesabu ndege. Na patapata zako za buluu miguuni zilikuwa na matone meupe.

Niliyaona, Awino. Nikajua mkebe wangu wa rangi chini ya kitanda ni mtupu. Nilikuwa na nafasi pale pale ya kusema, "Binti yangu amenifundisha." Maneno hayo matatu tu. Badala yake nikafungua koki, nikasema kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Leo kila mtu kwa zamu yake, alivyofika." Nikajaza mtungi wa Min Otieno wa kwanza. Yeye akanitazama tu, akasema, "Ero kamano," ahsante, akaenda zake. Lavenda alikuwa amepona, si kwa sababu yangu.

Lakini hilo bado si kosa langu kubwa. Kosa kubwa lilikuja Jumapili.

Pasta alikuwa amesikia habari. Akasimama, akasema Bwana ameleta ufunuo Nyalenda, kwamba mzee wetu ameongozwa kuchora msalaba kwenye mitungi ya watu wote, wenye imani na wasio na imani, ili wote wajue maji ya uzima ni ya bure. Kanisa likapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Akasema, "Baba Awino, simama tukuone." Na mimi nikasimama! Nikainua mkono mmoja, hivi, kwa unyenyekevu. Hata chozi lilinitoka, na lilikuwa chozi la kweli, ndiyo maajabu yenyewe. Kisha nikageuka nikakutana na macho yako kwenye benchi la tatu. Ukanitazama kidogo. Ukachukua kitabu chako cha nyimbo, ukakiweka vizuri kwenye benchi, ukatoka. Hujarudi tena mpaka leo.

Sikukufuata. Nyumbani sikukuuliza. Nikamwambia mama yako ni mambo ya ujana, yatapita. Na tena nisikilize, maana hili ndilo linaloniaibisha kuliko yote: kila Jumatano kwenye maombi nilikuwa nataja jina lako. Nililia mbele ya watu, nikisema mtoto wangu amepotea, Bwana mrudishe. Miaka mitatu. Watu wakanishika bega wakinipa pole.

Unaweza kuuliza ni nini kimenigeuza sasa. Ningependa kukwambia ni maombi. Ni Lavenda.

Wiki ile barua yako ya chuo ilipofika, alikuja kuchota na kile kimtungi chake cha lita tano. Ana miaka sita sasa, meno ya mbele hana. Nikamjazia. Hakuondoka. Akawa anasugua ubavu wa mtungi kwa kidole. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba Awino, msalaba wangu unafutika. Awino ndiye hunichorea tena. Sasa anaenda mbali." Kisha akaniuliza, macho yamenikazia, "Ukifutika wote, utanipa maji?"

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye maji yaliyomwagika, na suruali yangu. Mtoto wa miaka sita, Awino. Sheria yangu ilidumu siku moja tu, nikaiona imekufa, nikasifiwa kwa kuiua. Kumbe ilikuwa hai kwenye kichwa cha mtoto huyu. Alikuwa anaamini maji ni ya wenye alama, na kila mara mvua ikinyesha anaangalia kama alama yake bado ipo. Na wewe, ukiwa huendi kanisani, ukiwa kwenye orodha yangu ya waliopotea, ulikuwa unamrudishia msalaba wake kila unapofifia ili asiogope.

Nikamwambia, "Lavenda, hata usipokuwa na kitu, nitakupa." Akauliza, "Hata mtungi?" Nikasema hata mtungi, nitakuazima wangu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Sawa," na akaenda. Mimi nikalia kama mtoto, vijana wa mkokoteni wakinitazama.

Tangu siku hiyo nafikiri sana juu ya ufalme, na si kwa kutafuta taa. Tunaomba kila siku kwamba uje, na nilikuwa naomba hivyo huku nimesimama mlangoni kuuzuia. Yesu alipoulizwa utakuja lini hakutaja tarehe. Alizungumza habari za hamira kwenye unga, kitu ambacho mama yako anakifanya kila jioni kwa ajili ya mandazi ya asubuhi na hakuna anayempigia makofi. Na kile kisa cha vibarua nilikichukia maisha yangu yote. Unakikumbuka: wengine wameanza kazi alfajiri, wengine wameletwa jua linazama, na mwenye shamba anawalipa sawasawa. Kila kiliposomwa nilikuwa upande wa wale wa alfajiri. Nilinung'unika pamoja nao kimoyomoyo. Haikunijia hata siku moja kwamba mimi ndiye huyo wa jioni.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili iliyopita. Nataka ukisikie kwangu kabla Bwana Juma hajakuletea na chumvi zake.

Nilimwomba Pasta dakika chache. Nikasimama mbele, nikasema yote. Mguu na mtungi. Neno nililokwambia mbele za watu. Rangi ilikuwa yako. Makofi yalikuwa yako. Nikasema, "Nimemwombea mtoto wangu kama aliyepotea, na aliyepotea ni mimi." Nikangoja waninyang'anye uzee wa kanisa. Nilikuwa nimeshautoa moyoni.

Ndipo Mama Dorka, yule bibi wa benchi la mbele ambaye husinzia kuanzia tangazo la kwanza, akafungua macho akasema, "Kaa chini, Baba Awino. Tulijua."

Nikasema, "Mlijua nini?"

"Ni mtoto aliyechora. Patapata za buluu zenye rangi nyeupe, kwani sisi ni vipofu?"

"Mlijua lini?"

"Siku hiyo hiyo."

Nikamtazama Pasta. Pasta akatazama viatu vyake. Akasema, "Mimi nilijua Jumatatu yake, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshakusifu, nikaona haya kurudi nyuma."

Nikauliza, nikiwa karibu kukasirika, maana hata katika toba yangu bado ni mimi, "Sasa mbona mlininyamazia miaka mitatu?"

Mama Dorka akaniambia, "Tulikuwa tunakungoja ufike."

Basi wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kisha wote, si kwa kunidharau. Mama yako alicheka huku anajifuta macho. Na mimi nikaelewa hapo, Awino, kwa kuchelewa, jambo ambalo mama yangu alilijua akiwa na sufuria ya uji. Mimi niliyejiona nimefika wa kwanza nilikuwa nyuma ya kila mtu, na watu hawa wote walikuwa wamenishikia nafasi. Hakuna aliyeisukuma kwa mguu.

Sikuombi urudi kanisani. Nilitaka kukuomba, nikaandika ukurasa mzima, nikauchana. Utakapotaka kukaa na Mungu utakaa naye, na ninadhani hamjawahi kuachana. Ninachokuomba ni kimoja. Kule hospitalini utakutana na benchi limejaa wagonjwa, na watakuja wenye majina na wenye jamaa wakubwa, na utakuwa umechoka, na utashika funguo za kitu fulani. Zitakuwa tamu, nakwambia ukweli, mimi nimezivaa. Mwite aliyefika kwanza. Na aliyezidiwa, mpitishe mbele ya wote, kama ulivyofanya na mitungi yetu miwili. Ukishindwa siku moja, na utashindwa, usikae miaka mitatu kama baba yako. Sema siku hiyo hiyo.

Nisamehe, nyathina. Kwa lile neno, kwa yale makofi, na kwa kila Jumatano. Huna haja ya kunijibu kesho. Nitaelewa hata ukiniaga kama kawaida yako.

Kesho ni siku ya mgao, na maji hutoka saa ile ile basi lenu linapoondoka. Mama yako alikuwa ameshanuna akijua nitabaki hapa. Jana nilikwenda kwa Min Otieno, nikavua funguo shingoni nikampa. Akazigeuza mkononi akauliza, "Mpaka saa ngapi?" Nikamwambia akae nazo, atafungua yeye siku za mgao, mimi nitashika mpira. Akasema, "Na moshi wangu?" Nikamwambia moshi tutazungumza. Kwa hiyo kesho sanduku lako nitalibeba mimi mpaka stendi, na usinyang'anyane na mimi mbele ya watu.

Na mtungi wako, ule mdogo wenye mkono uliopasuka, mama yako alitaka kuugawa. Nimekataa. Nimeuleta hapa, uko mbele yangu ninapoandika. Lavenda ameahidi kuchota kwa niaba yako na kumpelekea bibi yake. Kesho alfajiri nitauweka kwenye foleni, na kila siku ya mgao baada ya hapo, iwe unarudi Desemba au mwaka gani. Hauna msalaba, sikuuchora. Utasimama hapo kwa niaba yako, na hapa Nyalenda hakuna mtu atakayeusogeza.

Mimi baba yako, niliyefika jioni